Mama ana kisukari na baridi yabisi, naye anajiandaa kwenda Hija: achanjwe zipi, aache ipi?

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunaishi Likoni, Mombasa. Ana kisukari kwa miaka mingi na presha, na miaka mitatu iliyopita aliambiwa ana baridi yabisi ya viungo. Anameza metformini na dawa ya presha kila siku, methotreksati mara moja kwa wiki, na prednisoloni kidogo kila asubuhi. In shaa Allah anakwenda Hija, imebaki kama miezi minane. Wakala wa safari anataka kadi ya chanjo. Nesi wa kituo kimoja amekataa kumchanja, anasema mgonjwa wa sukari hachanjwi. Kituo kingine kilitaka kumchoma zote siku moja, pamoja na ya homa ya manjano. Kaka yangu anasema tuachane nazo kabisa, zitamwamshia ugonjwa. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, na sijui nimsikilize nani.

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mama achanjwe, tena achanjwe zaidi ya zile anazodaiwa na wakala. Moja tu ndiyo asichomwe kwa sasa, nayo ni ya homa ya manjano. Nesi wa kwanza alimnyima kinga ambayo mama anaihitaji kuliko mtu mzima mwenye afya, na kituo cha pili kilikuwa kinaelekea kumpa chanjo ambayo, kwa dawa anazomeza, inaweza kumdhuru. Umefanya vyema kusita na kuuliza.

Kauli ya yule nesi naisikia mara nyingi, na nadhani najua inakotoka. Kwenye meza ya chanjo mtu huulizwa, "Unaumwa?" Naye kwa uaminifu hujibu, "Ndiyo, nina sukari," au "Nina moyo," na papo hapo hurudishwa nyumbani. Lakini swali lile linahusu siku ile: una homa kali leo, una nimonia, umetoka kulazwa jana? Mwenye joto la nyuzi 39 huambiwa asubiri apone, ili homa ya ugonjwa isije ikachanganywa na ile inayoletwa na chanjo. Kisukari, presha, pumu, ugonjwa wa moyo, wa figo, baridi yabisi: hakuna hata mmoja kati ya hayo ambao kwa jina lake tu unamfungia mtu mlango wa chanjo. Wenye maradhi hayo ndio wanaotangulizwa. Chanjo za UVIKO-19 zilipofika Kenya Machi 2021 na Tanzania Julai mwaka huohuo, watu wenye maradhi sugu walikuwa katika makundi yaliyopewa kipaumbele pamoja na wazee na wahudumu wa afya. Hadi leo Shirika la Afya Duniani linawahesabu miongoni mwa wanaohitaji dozi za kurudia.

Sababu yake ni hii. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe nyeupe za damu huchelewa kufika penye vijidudu, na zikifika huviua kwa shida. Halafu maambukizi yoyote, hata mafua, hupandisha sukari yenyewe, na sukari iliyopanda huyapa maambukizi nafasi zaidi. Nimewaona wagonjwa wengi wa kisukari waliolazwa kwa "kifua tu" na siku ya tatu tukawa tunapambana na sukari, figo na moyo kwa mkupuo. Mama ana hilo, na juu yake ana baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake wenyewe. Dawa anazopewa kuutuliza, methotreksati na prednisoloni, zinafanya kazi kwa kuibana kinga hiyohiyo. Ana sababu mbili za kuumia zaidi akipata nimonia, na anakwenda mahali ambapo watu zaidi ya milioni moja hulala, hula na kukohoa pamoja. Katika Hija nimonia ni miongoni mwa sababu kuu zinazowalaza mahujaji hospitalini.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo penye uamuzi mgumu. Ugonjwa wenyewe ni nadra kuzuia chanjo. Kinachoweza kuzuia ni kidonge.

Chanjo ziko za namna mbili kubwa. Nyingi hazina kitu kilicho hai kinachoweza kuzaliana mwilini: ni vipande vya kijidudu, au kijidudu kilichouawa, au maelekezo tu ya kutengeneza kipande hicho. Humo mna chanjo ya mafua ya sindano, ya nimonia, ya homa ya ini B, ya homa ya uti wa mgongo, ya pepopunda, ya polio ya sindano, za UVIKO-19, ya kichaa cha mbwa, na ile mpya ya mkanda wa jeshi. Hizi mama anaweza kuchomwa zote akiwa anaendelea na dawa zake. Ubaya pekee ni kwamba mwili wake unaweza kujibu kwa nguvu pungufu, na hilo tutalirudia.

Namna ya pili ni zile zenye kijidudu hai kilichodhoofishwa. Ya homa ya manjano imo humo, ya surua na rubela, ya tetekuwanga, ya polio ya matone, BCG ya kifua kikuu kwa watoto, na ile ya mafua inayopuliziwa puani. Kwa mtu mwenye kinga nzima, kijidudu hicho huzaliana kidogo, mwili hukitambua, hukimaliza, na hubaki na kumbukumbu imara. Kwa mtu ambaye kinga yake imebanwa na dawa, kinaweza kisiishie hapo.

Ndiyo maana nimeitenga homa ya manjano. Chanjo yake, ambayo mbegu yake huitwa 17D, ilitengenezwa miaka ya 1930 katika maabara ya Max Theiler, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951 kwa kazi zake juu ya ugonjwa huo. Ni chanjo nzuri sana, imeokoa watu wengi, na dozi moja inatosha maisha. Lakini mara chache mno virusi vyake huingia kwenye ini, figo au ubongo wa aliyechanjwa na kumletea ugonjwa mkali. Kwa watu wa kawaida hilo hutokea takriban mara moja katika kila dozi laki moja. Hatari hupanda kwa anayechomwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 au zaidi, na kwa mwenye kinga iliyobanwa huwa si jambo la kujaribu. Mama yumo katika makundi yote mawili.

Utaniuliza, je, hawezi kusimamisha methotreksati na prednisoloni kwa muda, achomwe, kisha aendelee? Kwa wagonjwa wengine hilo hufanyika, na husubiriwa angalau mwezi, wakati mwingine zaidi, kabla ya chanjo, na wiki nne baada yake. Kwa mama nisingelishauri. Baridi yabisi ikiachwa miezi miwili au mitatu bila dawa huweza kurudi kwa kishindo, vidole vikavimba, naye akaanza safari asiyeweza kushika ndoo wala kutembea kutoka mahema ya Mina hadi Jamarati kurusha mawe. Prednisoloni nayo haikatwi ghafla kwa aliyeizoea, mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa hatari. Na hata akiziacha dawa, umri wake utabaki palepale.

Tazama na upande wa pili wa mizani. Milipuko ya homa ya manjano inayojulikana Kenya ilikuwa kwingine: Bonde la Kerio mwaka 1992 na 1993, kisha Isiolo na Garissa mwaka 2022. Kwa msafiri anayezuru Mombasa, Kilifi, Kwale au Lamu tu, Shirika la Afya Duniani kwa kawaida halimshauri kuchanjwa, kwa kuwa uwezekano wa kuupata huku ni mdogo. Huko Saudia ugonjwa wenyewe haupo. Wanachokiogopa ni msafiri kuingia nao, kwa sababu mbu wa jamii ya Aedes wanaoweza kuueneza wapo Jeddah na Makka, nao ndio wanaoleta homa ya dengi kule. Kwa hiyo chanjo hii mama haitakiwi kwa ajili ya afya yake, inatakiwa kwa ajili ya kadi. Siwezi kumwingiza mgonjwa wangu kwenye hatari ya kweli kwa ajili ya muhuri.

Muhuri wenyewe una njia yake halali. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinamruhusu daktari kuandika kwamba chanjo hii haimfai msafiri kwa sababu za kitabibu. Barua iandikwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na ikipatikana tafsiri ya Kiarabu itasaidia. Itaje umri, ugonjwa, majina ya dawa na dozi, iwe na jina la daktari, sahihi na muhuri. Kanuni zinasema nchi inayompokea msafiri izingatie barua hiyo, ila nchi hiyo ina haki ya kumweka chini ya uangalizi wa afya kwa siku sita. Kwa hiyo msingoje hadi uwanja wa ndege. Muulizeni wakala mapema, kwa maandishi, barua kama hiyo ipelekwe kwa nani na ikubaliwe lini. Miezi minane inatosha kwa hilo, wiki mbili hazitoshi.

Lakini kabla ya barua, fungueni makabati. Je, mama aliwahi kusafiri zamani, Umra, Dubai, Kongo, popote? Kama aliwahi kuchomwa homa ya manjano kabla ya kuanza hizi dawa, na kadi ile ya manjano ipo, tatizo lote limekwisha. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinahesabiwa halali maisha yote, hata kile kilichoandikwa kwamba kitaisha baada ya miaka 10. Nimewahi kuwaona watu wakitaka kuchomwa tena bure kwa sababu tarehe ya kwenye kadi "imepita".

Na jambo moja nalisema kwa uchungu: msinunue kadi. Najua zinauzwa, zikiwa na muhuri na namba ya chupa ya dawa. Mbali na kuwa uongo kwenye safari ya ibada, kadi ya namna hiyo itamdanganya daktari atakayemtibu mama akiugua huko, atasoma kwamba ana kinga ambayo hana.

Tuje kwenye zile anazozihitaji kwelikweli.

Ya homa ya uti wa mgongo ni sharti la Saudia, na hapa sharti na afya vinakubaliana. Mwaka 1987 kulikuwa na mlipuko mkubwa wa aina A kwenye Hija, na mwaka 2000 na 2001 ukaja wa aina W135, mahujaji wakaurudisha hadi kwa jamaa zao majumbani. Baada ya hapo Saudia ikadai chanjo inayokinga aina nne: A, C, W na Y. Haina kilicho hai, dawa za mama haziizuii. Ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Kwa mwenye kinga dhaifu mimi hupenda iwe mwezi mzima kabla, mwili upate nafasi. Ulizeni kama ni ile iliyounganishwa na protini, kwa maana kinga yake ni bora zaidi na cheti chake hukubaliwa kwa miaka 5, wakati ile ya zamani ni miaka 3. Jina la chanjo liandikwe wazi kwenye kadi. Kama mwaka huo Saudia itadai na ya polio kwa wanaotoka Kenya, mama apewe ya sindano, asipewe matone.

Ya nimonia hakuna wakala atakayeidai, na ndiyo ambayo ningeianza wiki hii. Bakteria anayeitwa nyumokokasi ndiye chanzo kikubwa cha nimonia kali kwa watu wa umri na maradhi ya mama. Kuna chanjo inayokinga aina 20 za bakteria huyo, ambayo dozi moja inatosha. Ikikosekana, ya aina 13 huchomwa kwanza, kisha ya aina 23 baada ya wiki nane au zaidi. Msizigeuze: ile ya aina 13 ndiyo itangulie. Na hapa ninyi wa Pwani mna ushahidi wa nyumbani. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya nyumokokasi mwaka 2011, na watafiti wa Kilifi wakafuatilia miaka iliyofuata: magonjwa makali ya aina zile zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 90 kwa watoto chini ya miaka mitano. Yalipungua pia kwa watu wakubwa ambao hawakuchanjwa, kwa kuwa watoto waliacha kuwaambukiza. Kama kuna wajukuu ndani ya nyumba yenu, hakikisha vitabu vyao vya kliniki vimekamilika. Hiyo nayo ni kinga ya bibi yao.

Mafua ni kila mwaka, kwa sababu virusi hubadilika. Kwetu mafua huzunguka karibu mwaka mzima, kwa hiyo msihangaike sana na msimu, hesabuni safari. Achomwe kama mwezi mmoja kabla ya kuondoka, na isiwe chini ya wiki mbili. Kuna jambo la kumuuliza daktari wa viungo hapa: watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba mgonjwa wa baridi yabisi akisimamisha methotreksati wiki mbili baada ya chanjo ya mafua, mwili hujenga kinga zaidi. Mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2022 ukalichukua hilo, kwa sharti kwamba ugonjwa uwe umetulia. Hiyo ni kwa mafua tu, kwa chanjo nyingine zisizo hai aendelee na dawa kama kawaida. Ni dozi mbili za wiki, hakuna zaidi, na aamue daktari wake, wewe usimsimamishie.

Homa ya ini B nataka niikalie kidogo, kwa sababu wagonjwa wa kisukari hawaambiwi. Kenya iliingiza chanjo hii kwa watoto mwaka 2001, kwa hiyo kizazi cha mama hakikuipata utotoni. Virusi vyake hukaa hai nje ya mwili kwa siku saba, kwenye tone la damu ambalo hata hulioni. Sasa fikiria mashine ya kupimia sukari inayozunguka nyumba tatu za majirani: kila mtu na kijiti chake cha kipimo, lakini kile kikalamu cha kutobolea kidole ni kimoja, na ile sindano ndogo ndani yake hubadilishwa "ikianza kuuma". Damu ya mmoja inaingia kwenye kidole cha mwingine kila asubuhi. Mama awe na kikalamu chake peke yake, hata kama mashine ni ya kuazimana, na mashine ifutwe kwa spiriti kabla ya kupewa mwingine.

Kabla ya kuchomwa, apimwe damu kama virusi vimo tayari au vimewahi kuingia. Kipimo hiki kwa kweli kilistahili kufanywa kabla hajaanza methotreksati, huenda kilifanywa, tazameni faili. Sababu ni kwamba virusi vilivyolala kwenye ini vinaweza kuamka dawa zinapobana kinga, na methotreksati yenyewe huligusa ini. Akikutwa navyo, chanjo haina kazi tena, anahitaji daktari wa ini, na dawa za kuvizuia zipo. Akikutwa hana, aanze: dozi ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita. Mtamaliza kabla ya safari. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho apimwe kama kinga imefika yuniti 10, kwa sababu kwa watu kama yeye wapo ambao mwili haujibu na hulazimika kurudia. Na kwa msomaji mwingine ambaye figo zimeanza kushuka: usisubiri hadi siku ya kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Chanjo hii hushika vizuri zaidi figo zikiwa bado zinafanya kazi. Ukishafika kwenye mashine utahitaji dozi mara mbili ya kawaida.

Pepopunda ulizeni tu lini mara ya mwisho, mwenye kisukari hana dhamana ya kidonda mguuni. Ya UVIKO-19, kama umepita mwaka tangu dozi ya mwisho, arudie ikipatikana. Ile ya mkanda wa jeshi ni nzuri kwa aliye kwenye dawa hizi, dozi mbili, ila kwetu ni ghali na haipatikani kila mahali. Kama fedha ni za kuchagua, weka mbele nimonia, mafua na uti wa mgongo.

Kuhusu kuchomwa zote siku moja: zisizo hai zinaweza kuchomwa pamoja, mkono huu na ule, bila madhara. Mimi ningezigawa kwa ziara mbili au tatu kwa sababu nyingine tu, kwamba akipata homa mjue ni ya ipi, na mzee asichoke. Ziara ya kwanza nimonia na homa ya ini. Baadaye, karibu na safari, mafua na uti wa mgongo pamoja.

Kaka yako anaogopa ugonjwa usiamshwe, na simlaumu, amemwona mama akilia usiku kwa maumivu ya viungo. Mwambie hivi: katika tafiti zilizofuatilia wagonjwa wa baridi yabisi baada ya chanjo zisizo hai, wengi hawapati chochote kipya. Baadhi huhisi viungo vikiuma siku moja au mbili, mkono kuuma, uchovu, homa ndogo. Panado inatosha. Mzio mkali wa ghafla hutokea takriban mara moja katika dozi milioni moja, na ndiyo sababu ya kukaa kituoni dakika 15 baada ya sindano. Msikubali kuambiwa "nendeni tu" kwa sababu foleni ni ndefu.

Sukari inaweza kupanda kidogo kwa siku mbili tatu. Apime mara nyingi kidogo kuliko kawaida, anywe maji, aendelee na dawa zake zote, asiache kula. Sukari ikipita 15 (mmol/L) na kukaa huko, au akitapika, au homa ikifika siku ya tatu, mrudisheni hospitali, kwa kuwa hapo tunatafuta ugonjwa mwingine. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda naye anachomwa, kwa sindano nyembamba, kisha pabanwe kwa nguvu dakika mbili bila kusugua.

Nimesema kinga ya mama inaweza kuwa pungufu. Ndiyo sababu chanjo yake peke yake haitoshi, watu wa karibu naye wanaongeza ile iliyobaki. Wewe unayempeleka kliniki, na yeyote atakayesafiri naye chumba kimoja, chomweni ya mafua pia. Chanjo za surua na tetekuwanga kwa watoto wa nyumbani hazimdhuru. Kwa mtoto mchanga aliyepewa matone ya rota, mama yako asimbadilishe nepi wiki hizo, au anawe mikono kwa sabuni.

Hesabu ya mama si ya kila mgonjwa, na watu watasoma jibu hili kwa macho ya maradhi yao. Mwenye kisukari peke yake, asiye na dawa za kubana kinga, akiwa chini ya miaka 60, huweza kuchomwa homa ya manjano kama watu wengine. Anayeishi na VVU huangaliwa CD4, yaani hesabu ya chembe za kinga: ikiwa chini ya 200, chanjo hai hazifai. Ikiwa juu na anameza dawa vizuri, mlango hufunguka. Mwenye selimundu, wengu wake umekufa mapema, na kwake chanjo za nimonia na uti wa mgongo ni za lazima tangu utoto, hazisubiri safari. Na anayechomwa rituksimabu au dawa nyingine za kubana kinga za namna hiyo kwa drip, chanjo hupangwa mwishoni mwa mzunguko, kabla ya dozi inayofuata.

Siku ya kwenda kliniki usimtajie daktari majina ya dawa kwa kukumbuka, beba mfuko wote uumwage mezani. Kwa mfano, methotreksati kwa kawaida ni vidonge vya miligramu 2.5, na anayeandikiwa 15 humeza sita, siku moja ya wiki. Nikiona pakiti nahesabu. Prednisoloni nayo dozi yake ndiyo inayoamua mengi: miligramu 20 kwa siku kwa wiki mbili au zaidi huhesabiwa kuwa kinga imebanwa sana, 5 ni jambo jingine, ingawa kwa mama methotreksati na umri bado vinatosha kuikataa homa ya manjano. Na muulize kwa upole, mkiwa wawili, kama kuna kitu kingine anachomeza: zile paketi za "dawa ya viungo" zisizo na jina, dexa ya dukani, unga aliopewa na jirani. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni. Zinapandisha sukari na kubana kinga bila mtu kujua. Wazee huona haya kuzitaja mbele ya daktari, kwa binti hutaja.

Halafu muulize yeye mwenyewe anataka nini. Barua yako yote ina nesi, wakala, kaka na wewe, yeye hajasema neno. Ana akili yake timamu na mwili ni wake. Mweleze kwamba ipo moja asiyochomwa na kwa nini, na kwamba hizo nyingine ni za kumwezesha kusimama Arafa akiwa na pumzi.

Vipimo vya kumuomba daktari safari hii ni sukari ya miezi mitatu, figo, ini, na vya homa ya ini B. Majibu yakitoka niandikie, pamoja na dozi ya prednisoloni na jibu la wakala kuhusu barua, kabla hamjaenda ziara ya pili ya chanjo.